Asiyeshuka Mferejini Hana Kura

Shangazi yangu, ambaye skimu nzima ya umwagiliaji inamwita Bi Zamu, ndiye anayefungua na kufunga mlango wa maji wa mfereji wetu. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, akaishika kwa ukali ambao marehemu hakuwahi kuwa nao. Mtu akichelewa zamu yake, hata kwa sababu ya msiba, maji yanapita. Mimi mwenyewe amewahi kuninyima, nikaishia kunyweshea nyanya kwa ndoo, nikamnunia hadi mavuno. Wanasema damu nzito kuliko maji. Aliyesema hivyo hakuwa na shamba mkiani mwa mfereji.

Sisi wawili tuko mkiani. Zamani juu yetu yalikuwa mashamba matupu. Sasa mji umeyameza, na palipokuwa na vitunguu pana mageti ya chuma na mbwa wakali. Aliyenunua kiwanja alinunua na nafasi yake katika chama cha mfereji, hata kama anachomwagilia ni maua tu. Basi mamlaka ya maji ya mjini ilipokuja kutaka maji yetu yote ya kiangazi yaingizwe kwenye bomba pale mwanzoni, na kila mwanachama alipwe, watu wa mageti waliona neema. Sisi wa mkiani tuliona kaburi. Bila maji ya kiangazi, shamba letu ni uwanja wa mpira.

Na mwenyekiti wa chama, aliyekuwa akilipigia debe jambo hilo mchana kutwa, ni baba yangu mzazi, mdogo wake Bi Zamu, aliyenyonya naye ziwa moja.

Baba si mtu mbaya. Aliuza sehemu kubwa ya shamba lake la juu, akajenga nyumba za kupangisha kwenye iliyobaki, na tangu hapo tope akaliona ni la watu wasio na bahati. Alisema mji hauzuiliki, bora tuuze leo kuliko kunyang'anywa kesho. Hakukosea kabisa, na ndiyo maana aliniudhi zaidi. Akaitisha mkutano wa kupiga kura kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, soda kwa kila mtu.

Hapo ndipo alipoteleza. Tangu babu zetu wachimbe mfereji huu, jambo kubwa la maji huamuliwa siku ya kuzibua tope, na huamuliwa ndani ya mfereji wenyewe. Katiba ya chama inasema hivyo hadi leo. Kila mwanachama ana kipande chake cha kuzibua. Ukiwa na tope miguuni, una kura. Ukiwa juu ukingoni, wewe ni mpita njia. Baba alidhani desturi imekufa kwa kuwa yeye ameiacha.

Asubuhi ya mkutano Shangazi alifunga mlango wa maji, akatangaza ndiyo siku ya kuzibua tope, akashuka na jembe. Sisi wa mkiani tukamfuata wote. Kule ukumbini, nasikia, walisubiri mpaka soda zikapata joto, na akidi haikutimia. Mwishowe wakaja kututafuta: baba mbele na viatu vyake vya kung'aa, afisa wa mamlaka kando yake, watu wa mageti nyuma.

Baba akaanza kuhutubia kutoka ukingoni. Shangazi hakuinua hata kichwa.

"Mwenyekiti, maneno yako yanapita juu kwa juu. Shuka."

"Dada, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Heshima yako iko huku chini, kwenye kipande chako. Tangu uhame nakizibua mimi."

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana uso wa baba ulikuwa umebadilika. Wa kwanza kushuka hakuwa yeye. Alikuwa mama mmoja wa mageti, muuguzi mstaafu, tena mwenye maua mengi kuliko wote. Alivua ndala, akakunja gauni, akaomba jembe. Wachache wakamfuata. Baba alishuka wa mwisho. Waliobaki juu walilalamika kwamba wananyimwa haki yao, nasi tukawasikiliza kama redio ya jirani.

Jua lilipopinda tukapiga kura kwa mikono ya tope. Baba aliunyoosha wake kukubali kuuza, na Shangazi akauhesabu kwa sauti kama mkono mwingine wowote. Yule muuguzi alikataa. Wauzaji wakashindwa. Kisha Shangazi mwenyewe akapendekeza mji upewe maji ya masika, yale yanayotupita bure, kwa kuwa wajukuu zake wanaishi huko na hawawezi kunywa vumbi. Ya kiangazi, hata tone. Mikono yote ikapanda, na wa baba pia.

Afisa alisema mji unazidi kukua, watarudi mwakani. Najua watarudi. Shangazi akamwambia karibu sana, ila aje na jembe lake, la kuazima ni butu.

Baba alikuwa tayari anapapasa viatu vyake ukingoni.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akamuuliza.

"Kura si imekwisha?"

"Kura imekwisha. Kipande chako bado."

Baba alimtazama dada yake, akanitazama na mimi. Sikumsaidia. Akaviacha viatu, akaokota jembe, akarudi kwenye tope.