Tita la Nyasi

Mwaka Ildikó alipoolewa na mwanangu Vinzenz kulikuwa na baridi kali hata nikikamua ng'ombe, ndooni kinaanguka kipande cha jibini. Asiyeamini amuulize ng'ombe. Lakini haya ya Ildikó ni kweli tupu, na nikiyakumbuka bado damu inanichemka.

Alitoka nchi tambarare huko Hungaria, ambako mlima mrefu ni kichuguu cha fuko. Ni mwokaji, bonde zima linakula mikate yake. Ila kwetu Tirol, kwenye milima ya Austria, mwanamke haitwi mwenye jiko kwa kuoka. Jina hilo analipata Siku ya Mishumaa. Mwanzo wa Februari tunapanda kanisani kule juu, padri anabariki mishumaa, na mama wa kila nyumba anashuka na wake kifuani, akiteleza thelujini kwa skii zake, mbao ndefu za kufunga miguuni, mpaka jikoni awashie jiko. Ildikó hakujua kuteleza. Miaka tisa alishushwa kwa sleji, gari la kuburuta thelujini tunalobebea nyasi, amefungwa kamba, na mshumaa nikaushusha mimi. Watu wakamwita Tita la Nyasi.

Nami nilicheka. Siwezi kusema sikucheka.

Mwaka wa kumi magoti yangu yakagoma. Ildikó akanijia na unga mikononi.

"Mama, mwaka huu mshumaa naushusha mimi, kwa miguu yangu. Nikishushwa tena kama nyasi, sipandi tena kule, na jiko lenu mlitafutie mwenyewe."

Zilibaki wiki tano.

Vinzenz akajitia ualimu. Akampeleka mkewe juu kabisa, akamwambia, "Jiachie tu." Ildikó akajiachia mpaka kwenye uzio wa jirani.

"Wewe ulifanyaje ukaweza?" akamuuliza huku akitema theluji.

"Sijui. Niliteleza tu."

Mpumbavu, na nimemzaa mwenyewe.

Nikampeleka shule ya kuteleza. Mwalimu wake kijana, miwani yake ya jua mikubwa kuliko akili, akasema darasa la watu wazima halifunguliwi, wanafunzi hawakutosha. Basi mwanamke wa miaka arobaini na mmoja akatupwa kwa watoto wa miaka minne, akavikwa kizibao chenye picha ya bata, akaimbishwa wimbo wa bata. Siku ya tatu kijana akampandisha kileleni kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, akamwacha huko, akaenda kupiga picha na wageni. Ildikó alishuka kwa makalio. Nikamfuata yule bwana.

"Umemwacha mkamwana wangu kileleni?"

"Bibi, mtu mzima ama anajiamini ama hajiamini. Hilo halifundishwi."

"Basi wewe umewekwa hapa ufundishe nini? Miwani?"

"Wengine wameumbwa wateleze, Bibi. Wengine waoke mikate."

"Mkate wake umeula asubuhi. Urudishe."

Niliondoka nikiwaka. Theluji iliyeyuka kila nilipokanyaga, na pale hapaoti kitu mpaka leo. Watu wazima wakija kujifunza wanafanywa vichekesho, na wanaowacheka walifundishwa kabla hawajaota magego! Ukiwauliza waliwezaje, unamuuliza samaki alivyojifunza kuogelea. Nani kwetu alikumbuka hofu?

Ndipo nikamkumbuka Notburga, aliyekuwa mtarishi wa bonde. Alikuwa yatima, akalelewa kama mtumishi kwenye shamba ambalo skii zilikuwa za watoto wa nyumba. Alizivaa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na miwili, posta ilipomwajiri. Kijiji kilimcheka, mimi nikiwa mbele. Nikaenda na Ildikó kubisha mlango wake.

"Leo umekuja kucheka nini?" akaniuliza.

"Leo nimekuja kuomba."

"Ngoja nivae miwani. Hilo nataka nilione vizuri."

Kisha akamgeukia Ildikó. "Hofu inakukaa wapi mwilini?"

Ildikó akagusa magoti.

"Mimi ilinikaa shingoni. Tuanze na magoti."

Wiki nzima hakumpeleka mlimani. Walitembea na skii nyuma ya zizi, kwenye tambarare, wakianguka kwa makusudi na kuinuka. Halafu kikaja kiteremko kifupi kama kitanda. Pale magoti yakakakamaa.

"Sinia la mikate ya moto unalipitishaje mlangoni?"

Ildikó akakunja magoti, akainama mbele kidogo.

"Basi hivyo hivyo. Usiliangushe."

Siku ya Mishumaa wanaume waliegesha sleji ya Vinzenz mlangoni kwetu, kamba tayari, wakaketi kwa jirani kunywa supu. "Tukisikia tita linalia, tutalifuata," mmoja akaniambia.

Nilisimama uani nikitazama mlima. Wote walishuka, akabaki yeye, nukta nyekundu ikienda kushoto, ikirudi kulia, kama mtu aliyebeba sinia. Akaanguka. Akainuka kama alivyofundishwa. Akaanguka tena, akainuka. Alichukua muda mrefu hata nikapata nafasi ya kufanya kazi yangu ndogo ya shoka.

Akaingia jikoni na theluji mpaka masikioni, akafungua koti. Mshumaa ulikuwa vipande viwili.

"Umevunjika, Mama."

"Utambi haujakatika. Washa."

Akawasha jiko. Kuni zilikuwa kavu sana, zikashika mara moja, na Vinzenz hadi leo anaitafuta sleji yake.

Ildikó akanitazama pale nilipoketi, kando ya jiko, mahali pa mwenye jiko, nilipokaa miaka arobaini na sita.

"Mama," akasema kwa upole, "hicho kiti ni changu."

Nikainuka, magoti yangu yakilalamika njia nzima.