Trimu Ilipofika Mwisho

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori makubwa, na ile ndege ya rimoti aliinunua Kampala kwa sababu ya foleni ya Malaba. Wenzake wakisubiri kuruhusiwa kuvuka walicheza karata au kulala chini ya trela. Yeye alirusha jeti ya sponji, nyeupe, yenye feni tumboni inayolia kama blenda ya juisi. Mimi ni wakala wa kupitisha mizigo palepale mpakani, na nilimwambia waziwazi kwamba mtu mzima kama yeye ananiaibisha mbele ya wateja. Askari nao wakamkataza, wakidhani anachungulia Uganda. Basi akaihamishia nyumbani Namboboto, kwenye uwanja wa shule ya msingi, Jumapili baada ya kanisa.

Kisha mikono ikaanza kumsaliti. Kwanza vifungo vya shati vilimshinda, halafu gia ikawa nzito. Mwishowe alikabidhi funguo za lori katikati ya foleni, akapanda bodaboda hadi ofisini kwangu. Daktari wa Eldoret alisema mishipa inayoamrisha misuli inakufa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Nilimchukia yule daktari kwa upole wake. Tulikokwenda kwingine tukaambiwa hivyo hivyo.

Ikabaki ndege. Alitaka jambo moja tu, aendelee kuitua mwenyewe. Kupaa si kazi, kazi ni kutua. Jeti ikipunguzwa kasi pua yake huanguka, kwa hiyo lazima uvute stiki ya kulia kuelekea tumboni kwako na uishikilie, ili kile kibawa cha mkiani, elevata, kiinue pua mpaka magurudumu yaguse nyasi. Stiki ina springi, na springi haina huruma. Tuliilegeza, bado ikamshinda.

Ndipo akaanza kutegemea trimu. Hicho ni kitufe kidogo kando ya stiki. Ukikibonyeza, elevata inabaki imeinuka kidogo yenyewe, bila mtu kuvuta. Zamani alikigusa kwa madaha tu kabla ya kutua. Sasa hata kitufe kilimshinda, akaniomba nikae ubavuni mwake kwenye benchi, rimoti ikiwa mapajani mwake, nimbonyezee.

"Sista, wewe ni trimu tu. Stiki usiguse. Ukigusa stiki, ni wewe umeland, si mimi."

"Na ikianguka?"

"Wacha ianguke. Lakini ni mimi nimeangusha."

Tukawa hivyo Jumapili nyingi. Aliizungusha juu ya mahindi ya majirani, akapunguza nguvu, akasema, "Ongeza," nami nikabonyeza, rimoti ikalia pi, pi. "Ongeza. Basi, basi! Ukizidisha itakwama hewani, ianguke kama gunia." Nilijifunza kuisoma ile pua kuliko ninavyousoma uso wa mteja mwongo. Nikajifunza pia nisilotaka kulijua. Kila mwezi, ili itue palepale, ilinibidi nibonyeze zaidi. Watu wa kanisa waliponiuliza anaendeleaje nilijibu kwamba Mungu yupo. Jibu la kweli nilikuwa nalo kwenye ncha ya kidole, na nikaanza kuziogopa Jumapili.

Mara ya mwisho hakukuwa na upepo hata kidogo. Ndege ikapinda mbele ya goli, magurudumu yakiwa nje.

"Ongeza."

Nikabonyeza.

"Ongeza, pua iko chini."

Nikabonyeza tena, rimoti haikulia. Nikakandamiza kwa nguvu, mjinga mimi, nikidhani kitufe kimekwama. Trimu ilikuwa imefika mwisho.

"Imeisha," nikamwambia.

Akavuta stiki. Niliona kano za mkono wake zikisimama, na stiki haikwenda popote. Kidole changu kilikuwa karibu nayo kabisa. Ningeiokoa ile ndege.

"Usiguse!" akasema, na sikugusa.

Ikaingia nyasini kwa pua, gurudumu la mbele likang'oka, ikaburuzika kwa tumbo na kunyamaza.

Nilikwenda kuiokota, nikarudi nikipayuka. Tutaigundisha, kuna fundi Busia, atatia springi laini zaidi, betri tutaisogeza nyuma ili pua iwe nyepesi. Niliongea mpaka nikachoka kujisikia. Yeye alingoja nimalize.

"Rudisha trimu katikati," akasema.

"Ya nini?"

"Mtu mwenye mikono akiirusha hivi, itamrukia juu imshinde. Rudisha."

Nilimfokea. Nilimwambia hakuna mtu mwingine wa kuirusha, na akome kusema hivyo. Hakubishana. Aliisukuma rimoti kwa kiwiko mpaka ikanifikia, kisha akageuka kutazama madarasa yaliyofungwa. Nikaanza kubonyeza upande wa chini, nikilia bila kujificha, na kurudi mpaka katikati kulichukua muda mrefu mno.