Flanji ya Matundu Saba

Msimamizi alitwambia wazi, mzee na mimi pamoja: kompyuta imekuja, chumba cha michoro hakihitaji watu wawili tena. Mwisho wa mwezi, mmoja wetu ataondoka. Hakusema nani. Atakayekosea kwanza, alisema huku akicheka, akarudi zake karakanani.

Hiyo ilikuwa Changamwe, miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya kuchora kwa kompyuta. Mzee alikuwa akichora kwa mkono tangu sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, aulize nyumbani Chaani hawajambo, aulize na mama. Mimi nina haraka. Siku zote nilikuwa na haraka.

Tukaletewa kazi ya flanji, lile bamba la duara linalofungwa mwisho wa bomba ili liungane na bomba jingine. Matundu nane ya bolti, yazunguke sawasawa. Nikachora duara, nikaweka tundu moja juu. Mengine kompyuta ingeyazungusha yenyewe, mradi niiambie mangapi.

"Mzee, haya ya kuzungusha ni mangapi?"

"Moja ushaliweka, mwanangu?"

"Nishaliweka."

"Basi saba."

Kwa bikari ndivyo. Unachoma la kwanza, halafu unapiga hatua saba. Nikaandika saba. Mashine haijui mambo ya bikari, ikahesabu na lile la kwanza. Yakatoka saba kwa jumla, yamepangika vizuri hata huwezi kushuku. Mzee akaishika karatasi karibu na pua, maana macho yalikuwa yashachoka, akatia sahihi ya ukaguzi kama ilivyokuwa desturi pale. Mimi sikuhesabu. Nilitaka kwenda kula.

Siku ya tatu msimamizi akaingia na mafundi wawili, akalitupa bamba juu ya meza ya mzee. Bolti zilikuwa zimekataa kuingia.

"Hesabu."

Mzee akahesabu kwa kidole. Akarudia, polepole zaidi.

"Saba," akasema.

"Mpelekeni chuoni akajifunze kuhesabu na wajukuu zake," fundi mmoja akasema. "Nane bado hajafika." Wakacheka.

Msimamizi akanigeukia. "Wewe, nani alikuambia uandike saba?"

Nilikuwa nishajua. Mchoro ulikuwa wazi mbele yangu kwenye skrini, na kosa nililiona mara tu bamba lilipotua. Maneno mawili matatu yangetosha.

"Mzee," nikasema.

"Ni kweli, mzee?"

"Kweli. Mimi nilimwambia saba."

Akanitazama, akingoja nimalizie. Wallahi, alingoja. Nikashika mausi, nikajifanya natafuta kitu.

"Basi umejichagua mwenyewe," msimamizi akamwambia. "Kusanya vitu vyako."

Papo hapo nikaagizwa nichore upya. Nikafuta, nikaweka tundu moja, mashine ikaniuliza mangapi, nikaandika nane. Mzee alikuwa nyuma yangu akifunga karatasi zake kwa kamba. Akaja akainama begani kwangu, akakaza macho mpaka akaisoma ile nambari.

"Kumbe yahesabu na lile la kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.