Mbao za Bi Mkandarasi

Nilikuwa Darajani nachagua ndizi simu ilipolia. Jirani yangu wa Malindi hata salamu hakunipa. "Rudi nyumbani. Bi Mkandarasi katutoka, maziko baada ya adhuhuri." Inna lillahi! Ndizi niliziacha pale pale. Mnaonisoma mnajua sitaji watu kwa majina, basi naye nitamwita kama mtaa ulivyomwita kwa utani. Alikuwa mjane, fundi wa ujenzi, aliyehudhuria mafunzo ya serikali ya wakandarasi chipukizi akatoka na cheti na matumaini makubwa kuliko cheti chenyewe.

Alipomaliza tu, aliuza bangili zake akanunua mbao za kumwagia zege, akazipanga uani na kuzifunika turubai. "Kazi ikija inikute nshajitayarisha," aliniambia. Zabuni zilitangazwa, naye akaomba, na kila mara aliulizwa ni majengo gani amewahi kujenga kwa jina la kampuni yake. Siku moja alirudi kavimba kwa hasira. "Ebo! Huo uzoefu wanaoutaka nikaununue wapi? Darajani, kwa fungu?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mafundi wenzake wakija kuazima mbao aliwafukuza. Zile ni za kazi yake ya kwanza. Lakini mtaani akifa mtu hutafutwa viunza, zile mbao za kumfunikia maiti kaburini kabla ya udongo, na hapo hakumnyima mtu. "Za maiti chukueni, za zege msinigusie." Vijana aliosoma nao walichoka kungoja, wakaenda Matemwe kubeba mizigo ya wageni hotelini. Yeye alibaki, na rundo chini ya turubai likawa linapungua, msiba baada ya msiba.

Sina ugomvi na mafunzo. Yamewafunza watu wetu kupima, kupanga bei na kusimamia mafundi. Lakini jamani, utamfundishaje mtu kupika mkate kisha umfungie unga? Hao wakandarasi wakubwa nao walianza kwa mtu aliyewaamini wakiwa hawana la kuonyesha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili limeniuma mie nisiyejua hata kushika mwiko wa saruji.

Makaburini, aliyekuwa ndani ya shimo alinyoosha mkono akaomba viunza. Nilizitambua mbao zile zikipita mbele yangu, safi, hazijaguswa na saruji. Zilikuwa za mwisho, na zilimtosha. Enyi mnaogawa kazi, mkishamfundisha mtu, mpeni ya kwanza angali hai. Mbao za kazi ya kwanza ya Bi Mkandarasi tumezitumia sisi, kumzikia.