Ujumbe Tulioukata Vipande Vinne

Enzi zetu pale Kigwa, Uhuru ukiwa bado mpya, mtoto akitumwa alisimama kwanza mlangoni akarudia maneno yote mpaka mtumaji aridhike. Watoto wa leo hata wakitumwa nyumba ya pili wanaomba waandikiwe karatasi. Sisi tulipita kwenye mashamba ya karanga midomo ikitembea, tukiogopa kudondosha neno.

Mimi niliogopa kuliko wote. Siku mama alipojifungua kitindamimba wetu, Bibi alitoka chumbani mikono ina damu. "Mwambie mkunga mama amejifungua, kondo la nyuma halijatoka, damu ni nyingi, aje na sindano. Rudia."

Nikarudia sawasawa. Nje hofu ikanishika: je, nikisahau moja? Nikawagawia wadogo zangu ule ujumbe. Kulwa abebe "mama amejifungua", pacha wake Doto "aje na sindano", Shija "damu ni nyingi", mimi kondo. Tukatimka pamoja. Niliona ndiyo njia ya haraka, tena ya salama.

Kulwa alikuwa na mbio, akatuacha. Doto alishika njia ya mkato, akazuiwa relini na treni ya mizigo. Shija akachomwa na mwiba, nikabaki kumtoa.

Tulimkuta mkunga anaanika nguo, anaimba.

"Hongereni, wanangu. Kulwa kanieleza. Jioni nitakuja kumwona mtoto."

"Kondo halijatoka," nikasema.

"Damu ni nyingi," Shija akasema, analia.

Doto alipotokea na neno lake la sindano, mkunga alikuwa ameshashika mkoba na kukimbia.

Mama alipona, ila midomo yake ilibaki myeupe kwa wiki nyingi. Bibi hakunichapa. "Nilikutuma wewe," alisema. "Sikutuma kundi."

Sasa nimemaliza chuo, niko kwenye chumba cha kompyuta Dar es Salaam, na tunataka mashine yetu izungumze na nyingine iliyoko Tabora. Mashine huigawa kila herufi vipande vinane; fundi anataka nyaya nane sambamba, kila mmoja ubebe kipande chake, vyote kwa mkupuo. Kwa mashine zilizo meza moja nakubali, ni haraka. Kwa umbali ule, kipande cha waya mmoja kikichelewa, herufi inasomwa vibaya. Naomba waya mmoja, vipande vifuatane.

"Dada, utazeeka ukisubiri," ananicheka.

Acha nizeeke. Zamani aliyepokea habari aliona walau uso wa mtoto aliyeileta. Namwogopea huyu mpokeaji wa sasa kule Tabora, atakayepata kipande kilichotangulia, akafurahi, akarudi kwenye shughuli zake.