Kilo Kumi na Moja za Lazare

Lazare Bigirimana alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Kasulu, akakulia ughaibuni, kitongoji cha Toongabbie, na alipofika miaka kumi na tisa shingo yake ilikuwa imeshapita upana wa kichwa. Shingo hiyo ndiyo iliyomfaa kwenye raga. Alicheza propu, yule wa mstari wa mbele anayeinama, kuingiza bega chini ya bega la mpinzani na kusukuma. Propu hatajwi sana. Hutajwa skramu, ule msukumano wa pande mbili, ikianguka.

Kocha wake, Fintan, Muairishi mwenye masikio yaliyokunjamana kama uyoga mkavu, naye aliwahi kuwa propu huko kwao kwenye mvua. Alimwekea Lazare nafasi moja katika chuo cha klabu. Sharti lilikuwa mizani: siku viwanja vilivyofungwa kwa ajili ya korona vitakapofunguliwa atapimwa, na akiwa chini ya kilo mia na kumi na tano nafasi itakwenda kwa mwingine. Wakati huo alikuwa na mia na kumi na nane.

Ulikuwa ule msimu wa baridi wa katikati ya 2021, watu wamefungiwa majumbani. Helikopta zilizunguka juu ya mapaa, wanajeshi wakabisha hodi milangoni kuhakikisha hakuna aliyetoka, na Lazare akawa anasukuma ukuta wa gereji peke yake. Ukuta haukumrudishia msukumo. Fintan alimpigia simu kila Ijumaa, akimhimiza jambo lile lile: ale, ale tena.

Tarehe ya kufunguliwa viwanja ilipotangazwa, mama yake, Verdiane, alilipeleka jina lake kanisani. Ibada ilikuwa kwenye simu, nyuso ndogo ndogo katika visanduku, na mchungaji Siméon akatangaza mfungo wa siku ishirini na moja kwa ajili ya kijana huyo, uishie usiku wa kuamkia kupimwa. Akasema anayeombewa ndiye anayetangulia kufunga.

Lazare angeweza kukataa. Lakini mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kwenye nyumba ya wazee, akiwainua na kuwaogesha tangu asubuhi bila yeye kunywa hata tone la maji, kwa ajili yake. Angetafunaje mkate mbele ya viatu vyake vya kazi pale mlangoni? Akafunga. Jioni alikula sahani moja, kama wote. Siku ya tano njaa iliondoka, ikaondoka na hofu, na furaha pia. Simu za Fintan akawa anaitikia tu ndiyo, ndiyo. Kaptula zilipoanza kumteleza, alizifunga kamba.

Viwanja vilifunguliwa Oktoba. Alipanda mizani, Fintan akainama kusoma, akamwomba ashuke apande tena. Mia na saba.

"Ulikuwa mgonjwa?" Fintan aliuliza nyuma ya barakoa.

Lazare alisema hapana. Hakuona maneno ya kumweleza mtu huyo kwamba waumini sitini walishinda njaa ili yeye apate nafasi. Fintan alimgusa bega, akasema labda mwaka ujao, akaita jina lingine.

Nyumbani mama alikuwa amekaa jikoni na simu mkononi, kanisa zima likingoja ushuhuda. Lazare akamwambia wamekataa, basi. Sababu hakuitaja, naye mama hakuiuliza. Alimtazama usoni, kisha kamba ya kaptula, kisha akaanza kuandika kwenye kundi la kanisa.

"Shetani ni mkaidi," alisema. "Tutafunga tena, mwanangu. Mara hii arobaini."

Tangu darasa la sita Lazare alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiingereza. Sasa alivuta kiti akaketi, na Kiswahili kikamtoka polepole, kana kwamba amekitoa chini ya kitanda.

"Nyinyi fungeni, mama. Mimi nitakula."

Kidole cha mama kilisimama juu ya simu. Kisha aliigeuza simu kifudifudi mezani, akainuka, akainjika maji ya ugali katika sufuria ile kubwa ya wageni.