Mdogo Wangu Anataka Kuacha Shule, na Mfano Anaoutoa ni Mimi

Admin, nifichie jina langu tafadhali, hapa Tabora tunajuana.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi nyumbani kwetu Cheyo na baba na wadogo zangu wawili. Nina digrii ya maendeleo ya jamii. Tangu nihitimu nimeomba kazi mpaka nimechoka. Kila usaili wanataka uzoefu, na hakuna hata mmoja anayekubali nikaupatie kwake huo uzoefu.

Anayenifuata, nimwite Zaina, aliishia kidato cha pili akaenda kujifunza kushona. Leo ana fremu yake ya duka mtaa wa Ng'ambo, vyerehani vitatu, na wateja wanamletea vitenge hata kutoka Urambo. Ndiye anayelisha nyumba. Mwaka jana alinionea huruma akanikalisha kwenye cherehani cha tatu, lakini kushona kwenyewe kunanishinda. Nabandika vifungo, napiga pasi. Wala kazi si kinachoniumiza, jamani. Kinachoniumiza ni kwamba Zaina ananiheshimu mno! Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kama zamani, na mteja akiingia anamwambia huku anajivunia, "Huyu dada yangu ana digrii." Siku moja mama mmoja akaniangalia na kifungo mkononi, akasema, "Mh! Digrii ya vifungo hiyo." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaenda uani kulia.

Sasa kitinda mimba wetu, Tatu, yuko kidato cha tatu na amegoma. Anasema shule zikifunguliwa harudi, anataka cherehani. Baba, ambaye amebeba marobota ya tumbaku maisha yake yote ili sisi tusome, alituita juzi baada ya chakula. Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hebu mweleze mdogo wako faida ya shule."

Nikaanza kusema. Tatu hakunijibu jeuri, na heri angenijibu jeuri. Aliniuliza taratibu tu, "Dada, wewe ungerudi kuwa kama mimi, ungechagua nini? Usinidanganye. Utakalosema nitalifuata."

Baba akasubiri jibu langu, akasubiri, mwisho akachukua kofia yake akatoka. Tangu siku hiyo hanitazami usoni, na mimi sina uso wa kumtazama.

Kesho yake Zaina akanivuta pembeni. "Mwambie arudi shule, dada. Mimi wakiita mkutano wa wafanyabiashara nakaa nyuma kabisa, nisije nikaulizwa kitu. Usimwache awe kama mimi." Nilishangaa. Kumbe na yeye anayetulisha anaona aibu, na mimi kila siku namwonea wivu!

Ila kuna jambo sijamwambia mtu, na ndilo lililonifanya niandike hapa. Tatu ana mkono wa kushona. Likizo hii amekuja dukani siku chache tu, na tayari anakata gauni ambalo mimi siliwezi. Cherehani cha kwanza ni cha Zaina, cha pili kina fundi aliyemwajiri, cha tatu ndicho nilichokalia mimi. Tatu akija, mimi nainuka, na nikiinuka pale sina pengine pa kwenda. Kila nikipanga maneno ya kumshawishi asome, najikuta nawaza hicho kiti. Mungu anisamehe, mdogo wangu wa tumbo moja namhesabu kama mtu anayekuja kunipokonya!

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nikisema kweli kwamba ningechagua cherehani, namuua baba. Nikimwambia arudi darasani, atanisikiliza, kwa sababu ananiamini.

Kaka na dada zangu mliopitia haya, mngekuwa mimi mngemwambia nini huyu mtoto? Msinionee haya, nisemeni tu. Nikimwambia asome, nitajuaje kama anayesema ni dada yake, au ni mtu anayelinda kiti chake?